Ufunguo wa Pili

Sefu yetu pale Urambo haifunguki kwa mtu mmoja.
Funguo ni mbili: wa kwanza wa meneja, wa pili wangu.
Miaka kumi na saba niliufunga kwenye pindo la kitenge,
mameneja wanne wakaja wakapita,
na kila mmoja nilimfundisha
kwamba wakati wa kifuku mlango unakwama,
usukume kwanza kwa goti, ndipo uzungushe.

Wa tatu alikuja na suti ya kijivu.
Siku ya kwanza akaniuliza:
"Mama, chai hapa hupatikana saa ngapi?"
Saa nne, nikamjibu.
Saa nne nikampelekea hesabu za msimu mzima,
na chai pia, sikatai, tena ya tangawizi.

Mwaka huu barua ikaja na jina langu:
Kalunde Mihambo, Meneja.
Nikaisoma nimesimama.
Nikairudia, nikilitafuta neno "kaimu",
maana nimekaimu mara tatu,
na kukaimu ni kuota moto wa jirani:
ukianza kupata joto, mwenyewe anarudi.
Neno halikuwemo.

Nyumbani Kashindye alicheka kwa furaha,
kisha akanyamaza,
kisha akauliza nani sasa ataangalia bani.

Kwenye bodi, mwenyekiti akasema: "Tumempa nafasi."
Nafasi?
Nafasi hupewa mtu kwenye benchi, wenzake wakisogea.
Mimi benchi hilo nilikuwa nimelishikilia
lisiwaangushe.

Jumatatu nikafungua kabati la mikopo iliyokataliwa.
Hakuna aliyeniagiza.
Vumbi la tumbaku limeingia mpaka humo, nikapiga chafya.
Kabula, mashine ya kukamua alizeti: hana dhamana.
Nyamizi Lugendo, mizinga arobaini: mume hajasaini.
Mwingine, shamba si la jina lake,
ingawa majani ya shamba hilo ameyafunga mwenyewe,
fundo kwa fundo,
mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu.

Mwandiko ulikuwa mzuri,
herufi zimenyooka shingo kama tulivyofundishwa shule.
Mwandiko wangu.
Wao walitamka, mimi niliandika tu.
Hivyo ndivyo nilivyojitetea, dakika kama tano,
mbele ya kabati.

Nyamizi akaja kwa baiskeli, ndoo ya asali nyuma,
akidhani ameitiwa deni.
Nikampa kiti, akakalia ukingo.
Nikasema: miaka sita iliyopita tulikukatalia.
"Najua," akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia, pale dirishani.
Uliniambia kwa upole.
Ungenifokea, ningerudi kugombana."

Sikuwa na jibu.
Nikaomba risiti.
Alikuwa nazo zote, kwenye kopo la maziwa ya unga,
zimekunjwa mara nne nne.
Chama si sadaka; tulihesabu ndoo kwa ndoo,
mwaka wa mvua na mwaka wa moto wa msitu,
nikamuuliza maswali ambayo wanaume huulizwa,
akayajibu, mengine kwa hasira.
Hesabu zikatosha.
Zingetosha hata mwaka ule.

Nikasaini. Kalamu ilikuwa ileile.

Jioni, tulipofunga,
ufunguo wa kwanza uliniwia mzito,
au ni mkono tu, sijui.
Wa pili sasa anao Tunu, msichana wa dirisha la tatu.
Akazungusha, mlango ukagoma.
Akazungusha tena, akanitazama kwa haya.
Nikafungua kinywa nimfundishe habari ya goti,
goti langu la kulia, linaloniuma kila kifuku.

Nikakifunga.
"Tunu," nikasema, "kesho asubuhi, kabla ya chai,
ita fundi.
Mlango huu unyooshwe."