Godoro la Inchi Sita

Nimeshinda, ndiyo. Andikeni.
Ihumwa hadi Hombolo na kurudi,
kwa Foniksi ya baba iliyozoea madumu manne ya maji,
ambayo siku hiyo, bila mzigo,
ilikuwa nyepesi kama mbuzi aliyekata kamba.

Agosti, na upepo wa Dodoma mnaujua:
hausukumi, unagombeza.
Vumbi linafika kwenye ufizi, unatema matope.
Mbele yangu Zefania Chilewa,
kifua kimelala juu ya usukani,
nami nimeng'ang'ania nyuma yake kama kupe,
nikinyonya kivuli cha upepo wake.

Kwenye korongo, baada ya mashamba ya zabibu,
mchanga ukamshika tairi la mbele.
Sikumwona akianguka. Nilisikia.
Mfupa una sauti ndogo,
kama kijiti cha kuni ukikivunjia gotini.
Nikakwepa. Nikaona mtulinga umesimama chini ya ngozi
kama nguzo chini ya turubai,
na jicho lake moja likinitazama.
La pili lilikuwa limejaa mchanga.

Nikasema moyoni: aliye nyuma atasimama.

Msinione shetani. Ni sentensi fupi,
inatoshea ndani ya mzunguko mmoja wa pedeli.
Nilikuwa na maji nusu chupa.
Nikayafikisha Ihumwa.

Aliye nyuma alikuwa Nyemo,
yule anayepeleka maziwa Nzuguni alfajiri,
ambaye asubuhi tulimcheka
kwa kuwa baiskeli yake ina kapu.
Alisimama.
Hakumvuta mkono.
Alifungua khanga aliyofunikia kiti,
akaubana mkono kifuani, akafunga fundo begani,
akamwosha jicho kwa chai ya rangi iliyopoa,
maana maji yake yalikwisha.

Waliingia jua likizama,
spika zimeshapakiwa, watu wamekwenda zao.
Nyemo katikati, baiskeli mbili, moja kila mkono,
Zefania nyuma, akitembea kama mtu aliyebeba yai.
Mwalimu Sangula, mtunza saa, alikuwa amefunga daftari.
Akalifungua tena.
"Niandike nini?"
"Andika tumefika."

Zawadi yangu: godoro la inchi sita,
jipya, bado limevaa nailoni.
Usiku wa kwanza, kila nikigeuka, nailoni inalalamika.
Usiku wa pili nikaivua.
Usiku wa tatu hapakuwa na nailoni
na kelele ilikuwa pale pale.

Nikalifunga kwenye keria, nikalisukuma hadi Buigiri,
upepo ukilipiga kama mlango usio na komeo.
Nilimkuta Zefania ameketi kwenye kigoda,
mkono bado umo ndani ya khanga ile,
jina la khanga limekunjwa ndani, sikuweza kulisoma.

Mbukwa, nikasema.
Mbukwa, akajibu.
Maneno niliyoyapanga njia nzima
yakanikwama kama ugali wa uwele usio na mlenda.

Akacheka, cheko likamuuma, akashika bega.
"Sikiliza. Ungeanguka wewe, mimi ningepita.
Nilikuwa naisikia pumzi yako kisogoni,
naomba mchanga ukushike."
Akanyamaza. Kuku akapita kati yetu.
"Ila chupa," akasema.
"Chupa ungeitupa. Kutupa chupa hakupunguzi mwendo."

Godoro alilikataa.
Mama yake akalikubali.

Novemba, kabla ya mvua, tunashindana tena.
Nyemo amejiandikisha, na kapu lake,
na safari hii hakuna aliyecheka.
Mimi nimefunga chupa ya pili chini ya kiti,
na kipande cha khanga nilichomwomba dada.
Watu wananiuliza kama nitasimama.
Siwajibu.
Naijua ile sentensi. Ni fupi,
na miguu yangu imeshaikariri.