Sehemu ya Nane

Kanda ilifika Mabela ndani ya mfuko wa mchele,
imeviringwa kanga iliyochujuka hadi jina lake halisomeki.
Juu yake, kwa wino wa kijani: MBIO ZA NGAMIA, 1981.
Chini, pamekwanguliwa lakini hapakufutika: ZOHALI, 8.

Kumbe ndivyo alivyokufa Kapteni Ghaith.
Viumbe wa pete hawakumuweza, wala hewa haikumwishia.
Kituoni kanda zilikuwa chache, Ijumaa imeingia,
mtu akasema, "Rekodi juu ya hii,"
na ngamia thelathini wakampita kichwani.

Sehemu nyengine kumi na mbili ninazo.
Nimezisafisha moja moja kwa pamba na spiriti,
dirisha nimelibandika magazeti kuzuia vumbi,
na chini yangu fundi wa matairi anagonga rimu tangu asubuhi.
Kanda za zamani hutoa gundi, hung'ang'ania mashine,
hulia kama paka. Dawa yake ni kuzioka:
nyuzi hamsini na nne, saa nane,
kwenye kabati la kukaushia matunda.
Bi Shinuna wa jirani alibisha hodi na sahani tupu.
"Fundi, unapika nini? Mbona sisikii harufu?"
Nikamwambia, napika mwaka sabini na tisa.
"Basi usiuunguze," akasema. "Nina watu wangu mle."

Chombo chao cha anga kilikuwa tangi la maji
lililolazwa ubavu. Vitufe, vizibo vya soda.
Nyota, matundu ya msumari kwenye pazia jeusi,
na moja huyumba kila mtu akipita nyuma yake.
Wenzangu waliniambia niitulize kwa kompyuta.
Nimeiacha. Kuna mtu pale.

Ngamia nimewatazama wote,
dakika arobaini na nane za vumbi na honi.
Mbio zikesha. Chenga.
Nikanyoosha mkono nizime,
na humo chengani akatokeza Ghaith:
sekunde thelathini na tano za mkia
ambao ngamia hawakuufikia.
Amesimama mbele ya mlango wa chombo, mkono kwenye komeo,
mdomo unakwenda, sauti hakuna.

Sauti alikuwa nayo Rayya binti Muhsin.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja, ghorofa ya tatu, Ruwi.
Aliweka redio kaseti mbele ya televisheni
akakataza watu kukohoa.
Leo ameileta kutoka Hamriya,
ameipakata kwenye teksi kama yai.

Nimeoanisha midomo na maneno, picha kwa picha.
Ghaith anasema, kwa Kiarabu chake cha vitabuni,
kwamba nyuma ya mlango huu hakuna juu wala chini,
na kwamba dunia imsamehe.
Anavuta komeo. Muziki unapanda.
Mlango unafunguka kwenye giza lote lililopo,

na mwanamke, kwa Kiswahili cha Ng'ambo hasa,
anapiga ukelele kutoka jikoni:
"We Rayya! Funga mlango, baridi inatoka!
Umeme unalipa wewe?"

Nilijaribu kumwondoa. Ndiyo kazi yangu.
Lakini yeye na Kapteni wamekaa wimbi moja:
nikimpunguza mama, Ghaith anakuwa bubu;
nikimpandisha Ghaith, mama anakuja na sufuria zake.
Nikageuka kumweleza Rayya, namwonyesha
ile mistari ya kijani kwenye kioo, inavyopandana.
Hakuwa akinisikiliza.
"Rudisha," akasema.
Nikarudisha.
"Rudisha."

Mara ya tatu akainuka,
miaka hamsini na saba, magoti yakinung'unika,
akaenda mlangoni.
Ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.
Akausukuma kwa kiganja mpaka ukalia tik,
kisha akarudi kuketi.