Nafasi ya Mistari Mitano

Fomu yetu ya probesheni ina sehemu ya saba,
"Hali ya nyumbani", na chini yake mistari mitano
ya nukta, zimeandamana kama sisimizi.
Hakimu anaitaka Jumatatu.
Leo Ijumaa, jua la Mishomoroni limenikalia utosini,
nabisha mlango hadi mlango:
kwa Umazi ni wapi?

Umazi Karisa, miaka ishirini na tisa.
Kuuza mnazi bila leseni.
Kielelezo: madumu mawili.
(Yalifika koti ya Shanzu yakiwa nusu.
Nusu ya pili hakuna aliyeiulizia.)
Faini elfu ishirini, ama miezi sita.
Elfu ishirini hana.
Miezi anayo. Miezi ndiyo pesa
ya asiye na pesa.

Chumba kimoja. Kadzo, wa miaka kumi,
ananifunulia ndoo ya unga:
ndani kachora kwa mkaa, mstari wa leo,
wa kesho, wa kesho kutwa.
Nahesabu. Minne.
Mimi nina mitano.

Kitinda mimba, Safari, miezi minane,
yuko Shimo la Tewa, titini mwa mamake,
mahabusu asiyejua kutamka jina lake.

Jirani, Bi. Mwanasha, anakuna nazi.
"Wewe ndiye mwandishi? Basi andika.
Mwanangu alirudi kutoka kwa huyo
akitambaa kwa magoti. Afungwe!"
Na watoto wake wanakula wapi?
"Hapa. Tangu Alhamisi."
Na kwa miezi sita?
Hakunijibu. Alichukua kata,
akaongeza maji kwenye tui.

Usiku niliandika "mazingira magumu", nikafuta.
Kila ripoti ina mazingira magumu;
hakimu huyapita kama dereva
apitavyo tuta la mtaani kwake.
Nikaandika hivi:

Unga unaisha Jumanne.
Anayewalisha watoto ni jirani aliyekosewa.
Mtoto mchanga yuko rumande bila shtaka.
Zahanati ya hapa haina mfagiaji tangu Machi.
Mshtakiwa huamka saa kumi alfajiri, amezoea.

Mistari ikaisha. Ya mume aliyekwenda Malindi
kununua nyavu, mwaka wa tatu huu,
haikupata pa kukaa.

Jumatatu: saa mia mbili na arobaini
za kazi ya jamii, asilale ndani.
Umazi alisimama kizimbani, hakutoka,
mpaka karani akamwonyesha mlango kwa kidevu.
Aliyemfuata aliitwa Zaituni,
simu ya tajiri wake, miezi minane.
Faili lake halikupita mezani kwangu.
Nina mafaili sitini na mguu mmoja wa kulia
na mmoja wa kushoto.
Kutoka koti hadi lango la jela
hutamaliza kaptura ya muhogo wa kukaanga.
Nilimtazama akipelekwa. Nilikuwa na wakati
wa kumtazama tu.

Wiki ya tatu nikapita zahanati.
Umazi anafagia, Safari mgongoni,
daftari la saa limening'inia kwenye msumari.
"Usidhani hii ni raha, dada. Jela ingenilisha.
Hapa nafagia kwanza, kisha nitafute.
Jioni nakaanga viazi karai."
Leseni unayo?
Akacheka mpaka mtoto akaamka.
Nikamwandikia jina la ofisi ya kaunti,
na siku ambayo foleni huwa fupi.

Kwenye benchi la wagonjwa, wa tatu kutoka mlangoni,
alikaa Bi. Mwanasha na presha yake.
Ufagio ulipomfikia, aliinua miguu yote miwili,
akaishikilia hewani, uzee na vifundo vyake,
vumbi la chini likatoka lote.
Hawakusemezana.
Kisha akaishusha taratibu, pale pale
palipofagiwa.