Kaindi

Jumanne jioni, darasa la watu wazima, Igombe,
mwalimu Mazigo aliandika neno moja ubaoni
akasema linatamkwa kaindi.
Maana ya kwanza: aina.
Hiyo niliidaka upesi. Aina naijua;
mikono yangu hutenga aina tangu alfajiri,
dagaa huku, furu kule,
na kisangara kichanga kilichonaswa kwa bahati mbaya.

Maana ya pili ilimtoa jasho.
Akaandika mpole, akafuta.
(Hata mamba ni mpole akishiba,
alinong'ona Nyanzala nyuma yangu.)
Akaandika mkarimu, akasita:
mkarimu sharti awe na sufuria jikoni.
Mwenye huruma? Huruma hutazama chini,
kama mtu aliyesimama juu ya jiwe
akimwonea uchungu aliye majini.
Mwishowe akaandika mwema,
akapangusa chaki kwenye suruali,
uso wake haujaridhika.

Ndipo mvua ikaanguka.
Mvua ya ziwa hutuma harufu kwanza.
Ile haikubisha hodi.
Na mimi nilikuwa nimeanika dagaa wa mkopo
juu ya nyavu kuukuu, mchangani.
Nikatoka mbio, daftari kichwani,
kandambili moja ikabaki topeni,
nikalia kabla sijafika.

Nilikuta nyavu tupu.
Pembeni, dagaa wa Holo Masalu
wamelowa, wamerudi kuwa samaki,
wengine wanateleza na maji kuelekea ziwani
kana kwamba wamesamehewa.

Wangu walikuwa kibandani kwake, chini ya turubai,
wakavu, wamerundikwa ovyo kama vitu vya kuhama usiku.
Holo.
Ambaye hatusalimiani tangu kikoba kivunjike
kwa elfu arobaini
ambayo kila mmoja anaapa iko kwa mwenzake.
Alikuwa akikamua khanga.
Nikasema, wabeja. Ilijitokea yenyewe, kwa Kisukuma.
Akajibu bila kuinua uso:
Wako walikuwa karibu na mlango.

Si kweli. Kesho yake nilipima kwa hatua:
thelathini na moja hadi kwa wangu,
tisa hadi kwa wake.

Alhamisi mwalimu alitaka sentensi.
Niliandika kwamba Holo ni kaindi,
ila nikatanguliza kile kineno chao cha herufi moja,
kisichohitajika pale,
kinacholirudisha neno kwenye maana ya kwanza.
Kalamu nyekundu ikaniuliza: aina ya nini?

Sijajibu.
Daftari liko juu ya kabati, linanuka dagaa.
Nusu ya wale wakavu nilimpelekea Holo,
akawapima mbele yangu, kimya, kwa kopo lake mwenyewe,
akarudisha sado moja
akisema nimezidisha.