Filimbi ya Tangi

Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Mpira wa lori umekakamaa kama mguu wa maiti,
nami nauburuta thelujini hadi ukutani kwa Bi Philomène Daigle,
mteja wangu wa mwisho upande huu wa mto.
Ng'ambo ni Kanada. Nako wamewasha taa.

Tangi silioni. Limo chini ya nyumba, gizani,
nalijua kwa sauti tu:
mafuta yakiingia hewa hutoka,
na filimbi hulia ndani ya bomba.
Ikilia, mimina.
Ikinyamaza, funga, upesi,
usije ukamwagia mjane sakafu yake.
Miaka kumi na saba nalipwa kwa kusikiliza kimya.

Novemba nilimletea yale mapya:
themanini kwa mia ya kale, ya kuchimbwa,
ishirini ya soya na ya makaango,
mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi
vya mashamba yetu haya haya,
yakachujwa, yakasafishwa, yakarudi kwa lori.
"Nitanuka chipsi kanisani?" aliniuliza.
Nikacheka. Nikasema moyoni: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji hakupona.
Siku ya nne boila ilikohoa, ikazimika saa nane za usiku,
akanipigia simu, sauti yake imevaa koti.

Nilishuka ngazi, tochi mdomoni.
Nikafungua chujio: tope, jeusi, zito.
Mafuta mapya yana tabia ya mkwe msafi,
hayajakaribishwa kiti yameanza kusugua.
Yalikuwa yamekwangua kuta za tangi
yakayaamsha mashapo ya miaka arobaini,
yote aliyonunua marehemu Onézime kwa fedha ya viazi:
mwaka wa bei nzuri,
mwaka wa ukungu uliooza mavuno,
mwaka alipokopa galoni hamsini kwa nduguye asilipe.
Yalikuwa yamelala chini, yametulia,
hayamdhuru mtu.

Niliyakinga kwa ndoo.
Bi Philomène alisimama nyuma yangu, kajifunga blanketi.
"Hayo ni ya Onézime," akasema,
kana kwamba nimetoa shati kabatini.

Sikuwa na neno. Nikabadilisha chujio, nikabadilisha nozeli,
nikatoa hewa kwenye paipu, nikabonyeza kitufe chekundu.
Moto ukashikwa na kwikwi,
kisha ukanguruma.
Nikaishika ndoo nitoke nayo.
"Iache," akasema. "Mpaka asubuhi."

Sitakudanganya: ishirini kwa mia si wokovu.
Themanini bado yatoka ardhini,
na theluji, ambayo utotoni ilitukuta shuleni Oktoba,
siku hizi huja ikijisikia.
Lakini kwa baridi hii hakuna anayebishana.
Mtu ataka miguu yake.

Leo filimbi inalia vizuri, nyembamba, bila kukatika.
Yeye yuko dirishani, mikono kaiweka juu ya rejeta,
chujio la tatu ni safi, nimeliangalia mwenyewe.
Na kando ya ngazi ya nyuma, chini ya ubao,
ndoo ile bado ipo, imefunikwa,
imeganda hadi ukingoni.
Nimeiruka nikipita. Sikuuliza.

Kimya.
Nafunga.