Ngoja Nikuunganishe

Hukuwa shangazi, hukuwa mama mdogo.
Katika ukoo wetu huna tawi,
na siku ya kuandika tangazo la redioni
mwana wa kakako aliniuliza, kalamu mkononi:
"Nyinyi niwaweke wapi?"
Nikamwambia, andika majirani.
Nikaona haya.

Majirani gani, Bi Thureya,
wa kupikiana miaka arubaini,
sahani isirudi tupu hata mara moja?
Ikija na mbaazi, ikirudi na sambusa.
Hata mwaka ule baba alipoachishwa kazi bandarini,
mama akairudisha na chumvi,
nawe ukaisifu ile chumvi mbele za watu
kana kwamba umeletewa halua.

Ulikuwa Posta, kwenye bodi ya simu,
na miaka mingi baada ya mashine kukupokonya kiti
namba za mji mzima ulikuwa nazo kifuani:
kiwanda cha barafu, duka la Vishram,
daktari wa meno wa Makadara aliyehamia Kanada,
hata ile yetu, iliyokatwa kwa deni.
Ndiyo uliyotuitia. Ulitoa kichwa dirishani
Kibokoni nzima ikasikia:
"Mbili-tano, sita-sita-tisa! Chai tayari!"
Nasi twapanda ngazi mbio,
twaitika, "Haloo!"

Sikufichi, ulitutesa pia.
"Sema wazi! Maneno si ndizi, usiyatafune."
Simu ya mkononi niliyokununulia
uliifunga ndani ya leso, ukaitia kabatini.
"Hii haina mtu katikati," ukasema.
"Watu wakigombana, nani atajua?"

Wewe ulijua.
Siku tisa baba na mama hawakusemezana,
ya kumi ukaja, ukaketi kwenye ngazi,
yeye juu, yeye chini, wewe kati,
ukaziba sikio moja kwa kiganja.
"Ngoja nikuunganishe.
Upande wa pili wasema mchele umekwisha."
Kimya.
"Upande wa pili wauliza, mchele gani?"
Kimya tena, kirefu.
"Haloo, laini mbovu, naskia mtu anacheka."
Na kweli, mtu alikuwa anacheka.

Tulikuzika Kikowani baada ya laasiri.
Mimi si maharimu wako, sikushuka kaburini.
Nilishika pembe ya shuka iliyokusitiri,
nikatazama upande, kama ipasavyo,
nikahesabu vidole vya mguu wangu.

Tuliporudi, turubaini palikuwa na mzee mgeni,
kofia mkononi, hajui aiweke wapi.
Mwakio, akasema, kutoka Maungu.
Alikuwa mkuu wa stesheni huko, zamani za treni.
Mkewe alikuwa akisomesha Mombasa,
na miaka kumi na mmoja, kila Ijumaa magharibi,
wewe ndiwe uliyewaunganisha.
"Dakika zikiisha, hakukata.
Alikohoa tu, kidogo, tujue."
Hajawahi kukuona. Amesikia jina redioni,
akapanda basi la alfajiri.
Akanikaribia, akashusha sauti:
"Alikuwa mrefu?"

Mimi niliyekunywa chai yako kabla sijaota meno,
sikuwa na jibu.
Nilikuona umeketi, kila mara umeketi:
kigodani, kwenye ngazi, dirishani na upepo.
Nikasema, "Alikuwa mrefu, mzee."
Akafurahi, jamani. Akaivaa kofia yake.
"Nilijua. Sauti ile haikutoka chini."

Sahani yako iko kwetu,
ile ya ukingo wa buluu, yenye ufa.
Ilikuja Jumatano na kaimati.
Mama haulizi kitu, hajalia mbele yangu.
Leo asubuhi nimeikuta dirishani,
upande unaotazama kwako,
imejazwa chumvi.

Kwa hewa hii ya pwani
imeshaanza kutoa maji.