Usiku wa Giza, Kirumba

Jana mwezi haukutoka, nasi watu wa dagaa
tukafurahi: giza ndilo mtaji wetu.
Kumbe Kokilaben naye alikuwa analingojea.
Mlangoni kachora ua kwa unga wa rangi,
kapanga vitaa vya udongo, utambi wa pamba, samli.

"Vua viatu, Limi. Leo Lakshmi anapita,
nyumba ya giza haoni mlango wake."

Huyu hali dagaa. Hali kuku, yai halionji.
Anasema kila chenye pumzi kimo safarini,
kinakufa, kinarudi, na matendo yake mgongoni,
kama mimi na deni la chumvi, msimu hadi msimu.
Lakini ndoo zangu hulala barazani kwake,
na harufu yake yote.

Nikamuuliza, ladu mkononi:
"Miungu yenu ni mingapi hasa?
Mwenye kichwa cha tembo, mwenye filimbi, huyu wa sarafu..."

Akanivuta hadi ukingo wa baraza.
Ziwani karabai mia, mia mbili,
zimetapakaa kuelekea Ukerewe.
"Hesabu."
Nikahesabu hadi nikachoka.
"Sasa hesabu maji."

Nikamwambia ladu imezidi sukari.
Akaniongeza mbili.